Maktaba Isiyo na Vitabu

Nilipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ipo maktaba ya kuhojia mtandao wa kompyuta, nilicheka kwa sauti. Nimefanya kazi ya ualimu kwa takribani miaka 40, na katika miaka hiyo nilisimamia kuanzishwa kwa maktaba tatu, ya mwisho ikiwa ya chuo cha ualimu. Nilipigana na mchwa, na panya, na wanachuo waliokata kurasa za vitabu kwa wembe usiku wa kuamkia mitihani. Kwangu mimi maktaba ilikuwa chumba chenye rafu, daftari la waazimaji, na mtu mmoja mkali mlangoni. Sasa kijana amesimama mbele ya meza yangu, mkononi ana karatasi mbili tu, ananiambia: "Mkuu, mimi sikubahatisha. Niliiuliza kontrola yenyewe. Nilitumia maktaba."

Nikamjibu, "Maktaba ya chuo siku ile ilikuwa imefungwa."

Kijana huyo sitamtaja jina, na chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa anayeungama hapa ni mimi, na wengine wote hawakuniomba niwaandike. Itoshe kusema kwamba nilistaafu utumishi wa serikali mwaka 2012, nikaombwa kuongoza chuo binafsi katika Kanda hii ya Ziwa, si mbali sana na hapa Kagongwa ninapoandikia. Kagongwa wasafiri wengi wanaijua kwa dirisha la basi tu, kati ya Isaka na Kahama: mashine za kukoboa mpunga pande zote mbili za barabara, malori, vumbi la pumba. Mimi nina nyumba hapa, na nilikuwa na mashamba ya mpunga, na mpunga huo unaingia katika habari hii zaidi ya nilivyopenda.

Mwaka 2016, Ijumaa moja ya mwezi Juni, ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma kwa mtandao taarifa za wanachuo wetu. Mchana mtandao ukakatika. Uliporudi jioni, mlango wa kupokelea taarifa ulikuwa umekwisha kufungwa, na wanachuo 34 wakabaki nje ya orodha. Jumatatu asubuhi wazazi walijaa uwanjani, wengine wakiwa wameuza ng'ombe kulipa ada. Mwenye chuo alinipigia simu mara nne kabla ya chai. Kampuni iliyotuuzia huduma ya mtandao nayo, tulipoiuliza, ilijibu kwa simu kwamba kwao mambo yote ni shwari, tatizo liko chuoni. Basi nikafanya walichofanya wakuu wengi kabla yangu: nikamtafuta mdogo. Nilimwandikia barua ya onyo kali mkufunzi kijana aliyekuwa akifundisha kompyuta na kutunza mitambo. Katika barua hiyo niliandika kwamba mimi mwenyewe nilikuwapo ofisini siku hiyo na nilishuhudia uzembe wake kwa macho yangu.

Siku ya tatu ndipo alipokuja na zile karatasi mbili. Lakini kabla sijaeleza zilisema nini, ndugu msomaji, naomba nirudi nyuma, kwa kuwa jambo la kumhoji mwenye kushika mtandao halikuanza na vijana hawa.

Neno maktaba, kwanza, halikuchaguliwa kwa mzaha. Mwezi Mei mwaka 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mashine iliyoitwa EDSAC ilifanya hesabu zake za kwanza. Waliokuwa wakiitumia, chini ya Maurice Wilkes, waliona mapema kwamba kila mtu alikuwa akiandika upya maagizo yale yale, ya kutafuta kipeuo cha pili, ya kuchapa namba, na kila mtu alikuwa akirudia makosa yale yale. David Wheeler, aliyekuwa bado mwanafunzi, akawa miongoni mwa walioweka utaratibu: maagizo yaliyokwisha kujaribiwa yatobolewe mara moja kwenye utepe wa karatasi, utepe uwekwe kabatini, na mwenye kuyahitaji aje ayanakili kwenye utepe wake. Kabati lile ndilo lililoitwa maktaba. Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na mwenzao Stanley Gill walitoa kitabu kizima juu ya kazi hiyo. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi, na mimi niliyejivunia rafu zangu sikujua.

Sisi huku tulichelewa kwa sababu zetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kompyuta ya hesabu katika Wizara ya Fedha kuleta hasara na vurugu. Nilikuwa mwalimu mwanafunzi wakati huo, na niliona ni uamuzi wa busara. Nchi maskini haina fedha za kuchezea. Leo naona kosa halikuwa la mashine peke yake. Watu walioweza kuihoji mashine ile ikawaambia imefanya nini walikuwa wachache mno. Marufuku ililegea katika miaka ya 1980, nami niligusa kompyuta kwa mara ya kwanza nikiwa na mvi.

Mtandao nilioujua ujana wangu ulikuwa wa simu. Mwaka 1976, nikiwa mwalimu mpya wilayani Kahama, ukitaka kuzungumza na Tabora ulizungusha mkono wa simu, akaitika opereta, ukamwomba. Mbele yake palikuwa na ubao wenye matundu na nyaya. Alichomeka waya hapa na pale, na watu wawili walio mbalimbali wakasikiana. Opereta ndiye aliyekuwa mtandao. Alijua ni nani anampigia nani, ni nani kafiwa, ni bwana gani anampigia mwalimu wa kike kila Ijumaa. Akikuambia Tabora haipatikani, ulirudi nyumbani. Huenda kweli nyaya zilikuwa zimeanguka kwa mvua, huenda alikuwa anakunywa chai. Hukuwa na namna ya kujua.

Huko Marekani alikuwapo mzika maiti, Almon Strowger, aliyechoshwa na hali hiyo. Husimuliwa kwamba mke wa mshindani wake alikuwa opereta wa simu mjini, na kila waliofiwa walipoomba kuunganishwa na Strowger, mama yule aliwaunganisha na mumewe. Sijui Strowger alipoteza majeneza mangapi, lakini hasira yake ilizaa matunda: mwaka 1891 alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa La Porte, katika jimbo la Indiana. Hadithi hii niliwasimulia wanachuo mara nyingi kama kichekesho. Sikuwahi kuwaambia, maana sikuwa nimeliona, kwamba Strowger hakuweza kuthibitisha shutuma yake. Hakuwa na daftari la kumwonyesha mtu kwamba saa fulani fulani alitafutwa yeye akapewa mwingine. Alichoweza ni kumwondoa opereta.

Sasa nataka msomaji aelewe jinsi mitandao ya kompyuta inavyoamua njia, na mfano bora ninao hapa hapa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipotushinda, wananchi wa sehemu hizi za Kahama na Shinyanga waliunda Sungusungu. Chombo chao kikubwa kilikuwa mwano, yaani yowe la hatari. Kijiji kilichoibiwa kilipiga mwano, kijiji jirani kikausikia na kuupokea, kikautoa mbele, hata wezi walipofika kijiji cha kumi walikuta njia imefungwa. Hakuna aliyekaa mahali pamoja akauona mwano mzima. Kila kijiji kilimjua jirani yake tu, na kilimwamini.

Mitandao ya kompyuta ilijengwa vivyo hivyo. Kila ruta huzungumza na jirani zake, huambiwa "kwa kwenda kule pitia kwangu," na huamua yenyewe. Nguvu ya mpango huo ni kwamba hakuna kichwa kimoja cha kukatwa. Udhaifu wake ni kwamba ukiuliza hali ya mtandao wote, hayupo wa kukujibu. Mwezi Desemba mwaka 1983 Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ndogo iitwayo ping, ambayo huita kifaa cha mbali na kusikiliza kama kitaitika; ni sawa na kupiga kelele kisimani ukangoja mwangwi. Mwaka 1988 ikatoka kanuni ya pamoja iitwayo SNMP, ya kukiuliza kila kifaa habari zake: umeamka lini, umepitisha mzigo kiasi gani, mlango wako upi umefungwa. Lakini uliuliza kifaa kimoja kimoja, kwa namba ndefu zenye nukta nyingi, kama mkaguzi anayetembea darasa kwa darasa.

Badiliko kubwa lilikuja miaka ya 2007 na 2008, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Martin Casado, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na mwalimu wake Nick McKeown pamoja na wenzao, walipendekeza kazi mbili zitenganishwe. Vifaa vya njiani vibebe mizigo tu. Kuamua njia kuachiwe programu moja iliyokaa katikati ikiuona mtandao mzima. Programu hiyo ndiyo kontrola. Wazo hilo, na mengine yaliyofanana nalo, yakaenea kuanzia makampuni makubwa hadi kontrola ndogo za waifai, zinazotunza visanduku vya kurushia mawimbi katika hoteli, hospitali na vyuo. Kwa maneno mengine, opereta alirudi. Alirudi akiwa mashine, na tofauti na yule wa mwaka 1976, huyu anaandika kila kitu na ukimuuliza kwa adabu hujibu.

Chuo chetu kiliweza kuwa na kitu kama hicho kwa sababu ya mambo yaliyotokea mbali na sisi. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, na katika miaka iliyofuata Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambazwa mikoani, Shinyanga ikiwamo. Kabla ya hapo intaneti ya huku ilitegemea sahani za setilaiti, kwa bei ambayo chuo cha ualimu kisingethubutu. Sisi tulifunga visanduku 11 na kontrola moja, kijisanduku kidogo kisichozidi ukubwa wa boksi la chaki, kilichokaa juu ya kabati la masjala. Nilikipita kila siku bila kukitazama.

Kontrola ile ilikuwa na ukurasa wake. Unaufungua kwenye kompyuta, unaandika jina na neno la siri, unaona visanduku vyote, rangi ya kijani kwa kilicho hai na nyekundu kwa kilichokufa. Ubaya ni kwamba ni lazima mtu akae mbele yake, na hakuna mkufunzi awezaye kutazama taa za kijani usiku na mchana. Kijana alitaka kompyuta ndiyo iulize kwa niaba yake kila baada ya dakika 5, na jibu iliandike daftarini. Hapo ndipo maktaba ilipoingia, tena maktaba ya mteja. Katika lugha ya watu hawa mteja ni programu inayouliza, na seva ni ile inayojibu. Nilipolisikia neno hilo nilimkumbuka mama yule wa kwenye simu anayetuambia kila siku kwamba mteja tunayempigia hapatikani. Huku kwao mteja ndiye mpigaji.

Kuuliza kwenyewe kuna adabu zake. Kwanza programu ibishe hodi kwenye anwani na mlango sahihi, ijitambulishe. Kontrola ikiridhika hutoa kibali kifupi cha maandishi, na kila swali linalofuata sharti liambatane na kibali hicho. Kikiisha muda wake swali hukataliwa, na hodi huanza upya. Swali huandikwa kwa namna moja tu inayokubalika. Jibu hurudi kwa mtindo uitwao JSON, mabano ndani ya mabano, ambao mtu akiutazama hupata kizunguzungu. Maktaba hubeba adabu hizo zote. Mwenye nayo huandika mstari mmoja wenye maana ya "nipe visanduku vyote", akapewa orodha safi, akaitumia atakavyo.

Nilishangazwa zaidi na watu walioziandika maktaba hizi. Mara nyingi si kiwanda kilichotengeneza kontrola. Ni wapenzi wa kazi hiyo, walioutazama ukurasa wa kontrola ukiuliza maswali yake kwa siri, wakayanakili, wakayaandika upya kwa lugha kama Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, kisha wakaigawa kazi yao bure. Kiwanda kikibadili toleo la kontrola maktaba huvunjika, na mtu fulani katika nchi asiyoijua hata mmoja wetu hukesha akiitengeneza. Nilitumia maisha yangu kuwasihi walimu waazimane maandalio ya masomo, na wengi waliyafungia sandukuni.

Programu ya kijana haikufika mistari 50. Mstari mmoja aliuonea haya, nami nikaubaini kwa sababu alipoufikia alisoma haraka: uliiambia maktaba isikague cheti cha utambulisho cha kontrola, kwa kuwa cheti kile kontrola ilikuwa imejiandikia yenyewe. Nikamwuliza kama ina maana angeweza kuwa anazungumza na kontrola ya uongo. Akasema, "Ndiyo, Mkuu, inawezekana, ila humu ndani ya chuo hatari ni ndogo. Nitaurekebisha." Aliurekebisha.

Sasa zile karatasi. Ya kwanza ilionyesha hali ya Ijumaa ile: visanduku 11 kati ya 11 viko hai, vifaa 61 vimeunganishwa, njia ya kutokea imekufa tangu 10:40. Nikaruka kama mtu aliyekamata mwizi. Kwa Kiswahili saa 10:40 ni jioni, kwa hesabu ya Kizungu ni saa 4:40 asubuhi, na mtandao wetu haukukatika katika nyakati hizo zote mbili! "Karatasi yako inajipinga yenyewe," nikamwambia. Yeye akangoja nimalize. "Mkuu, mashine hizi huhesabu kwa saa ya Greenwich. Ongeza saa 3." Nikaongeza. Ilikuwa saa 7:40 mchana, ule wakati hasa simu zilipoanza kunifikia kwamba mtandao hakuna. Njia ilirudi 14:55, yaani saa 11:55 jioni.

Maana yake niliielewa bila kufafanuliwa. Ndani ya chuo kila kitu kilikuwa kikifanya kazi. Njia ya kutoka nje, iliyo mikononi mwa waliotuambia kwao ni shwari, ndiyo iliyokuwa imekatika kwa saa 4 na robo. Wao nao bila shaka walikuwa na kontrola yao, kubwa kuliko yetu, inayojua kila kitu; ila hiyo sisi hatukupewa ruhusa ya kuiuliza. Tulikuwa tumerudi kwa opereta wa Kahama. Nilituma karatasi ile kwa kampuni, na baada ya majuma mawili wakakiri kwa barua ya mistari mitatu. Wanachuo 34 walipokewa kwa maombi maalumu, baada ya mimi kusafiri na kupiga magoti katika ofisi mbili.

Laiti habari ingeishia hapo ningeisimulia kwa fahari. Lakini karatasi zilikuwa mbili.

Nilimwuliza ya pili ni ya nini. Akasema ni orodha ya vifaa vilivyokuwa vimeunganishwa siku hiyo, kila kimoja na namba yake ya kiwandani, kisanduku kilichokuwa karibu nacho, na saa ya mwisho kuonekana. Akili yangu ya ukuu wa chuo ikaamka papo hapo. Kisanduku namba 7 kilikuwa ukutani mwa bweni la wasichana. Kwa miaka mingi nilizunguka na tochi usiku, nikidanganywa na kila mtu, kumbe mashine juu ya kabati la masjala ilikuwa ikijua ni simu gani imekaa karibu na bweni saa 5 usiku. Nikamwambia kijana nataka orodha hiyo kila asubuhi mezani kwangu.

Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mkuu, inawezekana. Ila naomba usiniagize mimi."

Nikamkumbusha mkuu wa chuo ni nani. Hakubishana. Alitoa kalamu, akaandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, akanieleza jinsi ya kuita maktaba, akasema nikitaka naweza kuuliza mwenyewe. Akaniachia na ile karatasi ya pili, akaaga kwa heshima zote.

Usiku nikaisoma karatasi ile chini ya taa, kalamu mkononi, nikitafuta wahalifu. Vifaa vingi vilikuwa namba tupu. Vichache vilikuwa na majina ambayo kijana alikuwa amevipa kwenye kontrola ili kuvitambua: MASJALA, MHASIBU, MAABARA. Cha nne kiliitwa MKUU. Nilikumbuka, ilikuwa simu yangu, nami ndiye niliyemwamuru aitambulishe ili nisipunguziwe kasi kama wengine. Mbele ya jina hilo paliandikwa: mara ya mwisho kuonekana, 09:52. Chini yake: kuonekana tena, Jumatatu, 04:31.

Niliongeza saa 3 mara mbili, kwa matumaini ya kukosea. Saa 6:52 mchana nilikuwa nimetoka chuoni. Mfanyabiashara mwenye lori alikuwa ananisubiri hapa Kagongwa, na bei ya mpunga juma lile ilikuwa nzuri, nami nilikuwa na magunia 40. Mtandao ulipokatika saa 7:40 nilikuwa nimesimama kwenye mizani, na simu za kuniarifu nilizipokelea hapo hapo, kelele za mashine zikinisaidia kusema sisikii vizuri. Nilirudi chuoni Jumatatu saa 1:31 asubuhi. Na barua yangu ilisema nilishuhudia kwa macho yangu.

Kijana alikuwa ameuona mstari huo. Aliyeandika programu, akachapa orodha, akaisoma kabla ya kuileta, hawezi kuwa hakuuona. Hakuupigia mstari. Hakuutaja alipokuwa akiomba nisimwagize. Alinipa karatasi nzima, kama ilivyotoka, akaenda zake.

Kesho yake nilimrudishia kipande chenye neno la siri, nikamwambia alibadilishe. Orodha ya kila asubuhi sikuiomba tena. Siku hizi ningekuwa pia na sheria ya kuogopa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya habari za watu lazima aeleze anazikusanya kwa ajili gani. Simu zenyewe nazo zimejifunza kujificha. Zile za Android, tangu toleo la 10 la mwaka 2019, kwa kawaida huupa mtandao namba ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Mwaka 2016 hapakuwa na kizuizi chochote kati yangu na orodha ile isipokuwa kijana mmoja asiyetaka kuagizwa.

Barua ya onyo niliifuta juma lile lile. Niliandika kwamba "kutokana na taarifa mpya za kitaalamu" onyo limeondolewa. Sentensi hiyo ilikuwa kweli, na niliichagua kwa uangalifu mkubwa, maana iliniwezesha kutosema lolote juu ya macho yangu na yaliyoshuhudia. Kijana alishukuru. Alifanya kazi nasi miaka miwili zaidi, kisha akapata kazi mjini Mwanza. Siku ya kuniaga alinipa mkono, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," na hakuniita tena Mkuu. Sikuthubutu kumwuliza kwa nini.

Nilipokuwa nakabidhi ofisi mwaka 2019 nilikwenda masjala nikaomba faili lake. Nilitaka kuing'oa ile barua ya kwanza. Mtunza masjala, mama mzito wa maneno niliyemfundisha mwenyewe utunzaji wa majalada, aliniambia kurasa zina namba, na ukurasa wa 14 ukitoka utaonekana umetoka. Juu ya kabati nyuma yake kile kijisanduku kilikuwa kikiwaka taa yake ya buluu. Nikaomba karatasi, nikakaa kwenye benchi la wageni, nikaandika kwa mkono kwamba Ijumaa ile niliondoka chuoni saa 6:52 mchana kwa shughuli zangu binafsi na sikushuhudia kitu chochote. Nikaambatisha orodha ya vifaa, ambayo nilikuwa nimeihifadhi kwa miaka mitatu ndani ya kitabu. Mstari wa MKUU niliupigia wino mwekundu. Mama akauandika ukurasa wa 22, akaliweka faili mahali pake.